Gurudumu la Mbele Kushoto

Jamani, kuna mtu humu amewahi kupitwa barabarani na gurudumu la gari lake mwenyewe?

Mama yangu alipitwa.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Kalemie, enzi za Zaire. Jeep yetu ya zamani ilikuwa inashuka mteremko wa kuelekea stesheni, ziwa lote linaonekana kule chini. Papa Félicien ameshika usukani. Mama Martine amekaa pembeni yake, tumbo mbele, kitambaa kipya kichwani.

Tumboni ni mimi, kwa hiyo msiniulize nilionaje. Haya nimeyasikia kwa Mama mwenyewe.

Ghafla akatokea mwanaume katikati ya barabara. Anakimbia kuwaelekea, mikono juu, shati limefunguka...

"Simama! Félicien, simama!"

Alikuwa Adalbert, binamu yake Papa, aliyemwita yaya, yaani kaka mkubwa.

Papa akaondoa mguu kwenye mafuta. Mama akamshika paja kwa nguvu.

"Usisimame!"

"Martine, ni yaya Adalbert..."

"Ule muntu anataka kutuua! Endesha, Félicien, endesha!"

Papa akaendesha.

Adalbert aliruka pembeni, wakampita hivi hivi. Mama alimwona uso kwa dirisha. Alikuwa analia!

Halafu... KRAA!

Jeep ikainama upande wa dereva. Chini ya Papa likatoka gurudumu, likawapita, likateremka mbele yao linarukaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Mama akalitazama linavyokwenda. Hakuelewa ni la nani, mpaka aliposikia chuma kinasaga lami.

Ngojeni kwanza. Nikiwamalizia sasa hivi mtamtukana huyu mwanamke bure. Acheni niwarudishe nyuma kidogo.

Ile jeep ilikuwa ya babu yangu mzaa baba. Gari la kabla ya uhuru, lilitengenezwa kwa milima na matope. Lakini uzeeni kwake kazi yake ilikuwa ya mjini tu: kanisani, bandarini kwenye biro, yaani ofisi ya Papa, na kubeba maharusi. Kalemie nzima ilijua sauti yake.

Sasa babu alikuwa Mtabwa wa Kirungu. Na kwa Watabwa wa zamani, mwanaume akifa harithiwi na mtoto wake. Anarithiwa na mtoto wa dada yake.

Mtoto wa dada alikuwa nani? Adalbert!

Adalbert, fundi wa magari kule Kabimba, mtu mrefu, mpole, asiyeongea. Lakini babu kabla hajakata roho alimwita Papa, akamwekea funguo za jeep mkononi, mbele ya watu. Ukoo ukanuna. Wazee wa Kirungu walirudi kwao bila kuaga vizuri.

Mama yangu hakuwa Mtabwa. Wazazi wake walikuja kwa mitumbwi kutoka mwambao wa kaskazini, na kwao mtoto anamrithi baba yake, kesi imekwisha. Lakini huku ukweni alijua kitu kimoja tu: mume wake amepewa mali ya mtu mwingine, na mtu huyo yupo.

Siku ya kumaliza matanga macho yote yalikuwa kwa Adalbert. Watu wanangoja aseme neno.

Hakusema. Alikula, akanawa, akaenda kuizunguka jeep. Akainama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Félicien, hizi pine zimekufa. Nitakuchagulia zingine."

Basi! Hakudai gari, hakununa. Hilo ndilo lililomtia Mama hofu.

Shida ni kwamba Papa alishachagua za kwake. Alikuwa ameagiza kwa wafanyabiashara wa Kigoma matairi mapana yenye meno makubwa, pamoja na rimu zake pana. Aliyaegemeza ukutani kama picha, na jirani wote walipita kuyatazama. Papa yangu alipenda sifa, Mungu amrehemu.

Adalbert alipokuja kutoka Kabimba akayatazama pia. Hakucheka.

"Angalia meno, yaya!" Papa akasema. "Hii hata Moba inafika kwa mvua!"

"Weye unaenda Moba lini?"

"Siku moja..."

"Gari yako inaenda biro na kanisani. Kwenye lami haya meno yatalia na kutetemesha usukani, na yataisha mbio."

"Lakini yanapendeza."

"Yanapendeza yakisimama. Funga moja, kata usukani mpaka mwisho."

Wakafunga moja mbele. Papa akakata usukani. Hrrr! Tairi likasugua kitu ndani.

Adalbert akaingiza mkono, akashika bomba jembamba la mpira.

"Unaona? Huu mupira njo unapeleka mafuta ya breki. Kila kona pine itaula kidogo. Siku utakatika, weye uko kwenye mteremko."

Papa akainama kulitazama bomba.

"Na hii gurudumu ni nzito. Breki za hii gari ni za zamani, zilizaliwa na pine nyembamba. Ukizibebesha, zitakukatalia."

"Na matope je?"

"Nyembamba inakata matope, inatafuta udongo mugumu chini. Ile pana inabaki kuogelea juu."

Papa alikubali kwa shingo upande. Adalbert akaingia stoo ya marehemu, akatoa rimu za zamani za jeep, akakwangua kutu siku nzima, akazivalisha matairi membamba aliyokuja nayo. Akafunga yote kwa mkono wake.

Mama alikuwa anachungulia kutoka jikoni. Yeye aliona nini? Aliona mume wake amevuliwa viatu vya askari, akavishwa ndala. Matairi makubwa yana nguvu, hiyo si inajulikana? Sasa kwa nini huyu mtu ayakatae?

Na jirani yake Mama Philomène akaja kumwaga petroli.

"Martine, weye umeona wapi? Muntu ananyimwa gari ya mujomba wake, halafu analeta pine?"

"Pengine ana moyo muzuri."

"Moyo muzuri!" Philomène akapiga makofi. "Félicien asipokuwepo, nani atamukataza kuchukua mali?"

"Usiseme vile, Mama!"

"Mimi sisemi kitu. Miye naona tu."

Wapendwa, mnawajua watu wa "miye naona tu". Wanaona, wanaondoka, wanakuacha hulali.

Tangu siku hiyo Mama hakula akashiba. Kila jeep ikitoka alisimama mlangoni mpaka sauti yake iishe. Na Papa akichelewa kidogo tu bandarini, Mama alikuwa tayari anamwona amelala chini ya shuka.

Akaamua kumlinda mume wake mwenyewe.

Mama alijua kukaza nati. Baba yake alikuwa na mtumbwi wa injini, na yeye ndiye alimshikia spana tangu utotoni. Zungusha kulia, unakaza. Zungusha kushoto, unalegeza. Aliyajua hayo kama anavyojua kufunga kitenge.

Basi kila Jumapili, siku pekee ambayo Papa alichelewa kuamka, alichukua spana ya msalaba akaenda uani.

Mara ya kwanza akaanza na magurudumu ya kulia. Akapanda na mguu juu ya spana, akasukuma. Nati hazikusogea hata kidogo. Zimekazwa sawasawa.

Akazunguka upande wa kushoto, upande wa dereva. Akapanda na mguu...

Kaa! Nati ikakubali.

Ya pili... kaa!

Ya tatu... kaa!

Upande wa kulia zote zimekazwa. Upande anaokaa mume wake zote zimeachwa bila kukazwa vizuri!

Akazisukuma zote, kulia, kulia, haraka haraka, mpaka akasikia Papa anakohoa ndani. Akaficha spana chini ya kitenge, akarudi jikoni kuwasha moto. Papa alipotoka akamuuliza:

"Félicien, nani anakaza bulon za gari?"

"Yaya Adalbert. Kila Jumamosi, tukitoka salongo." Salongo ndiyo ile kazi ya umma ya lazima ya enzi zile.

"Yeye peke yake?"

"Sasa weye unataka nani? Mambo ya gari muachie wenye gari, Mama."

Kwa hiyo hakusema tena. Angesema nini? Kwamba anatoka alfajiri na mimba yake kuchezea gari la mume?

Lakini wiki iliyofuata, hivyo hivyo! Adalbert alikuja Jumamosi, akakaza, akaondoka. Jumapili asubuhi Mama akapanda na mguu. Kulia: kimya. Kushoto: kaa, kaa, kaa!

Na wiki ya baadaye tena.

Hapo wasiwasi ulikwisha, ikabaki hofu yenyewe. Mtu mmoja tu anagusa zile nati. Na kila akiondoka, upande wa mume wake unalegea. Jamani, weye ungesemaje?

Halafu Adalbert naye akaanza mambo ya ajabu. Alikuwa akija anapiga magoti kwenye gurudumu la mbele kushoto, analitikisa, anageuka kutazama nyumba. Anatazama madirisha, moja baada ya jingine, kama anayemtafuta mtu. Siku moja Mama alijibana nyuma ya mlango, akamsikia kwa masikio yake anajisemea peke yake:

"Siku moja hii gurudumu itatoka."

Mama alikaa chini pale pale sakafuni. Mimi nilimpiga mateke, anasema, kama nami nimesikia.

Alitaka kumwambia Papa. Alifungua mdomo mara nyingi. Lakini Papa alimpenda yaya yake, na Mama alijua ataulizwa: umejuaje? Akaogopa mume, akaogopa shemeji, akaogopa hata kivuli cha ile jeep uani.

Jumamosi ile ya mwisho Papa alikuwa bado kwenye salongo, wanamwaga mchanga kando ya barabara kuziba mashimo. Adalbert akafika peke yake, ameshika kisanduku cha vyombo.

Mama akamzuia mlangoni.

"Félicien hayuko."

"Sawa, shemeji. Nitakaza tu bulon, halafu niende."

"Usiguse gari!"

Adalbert akamtazama.

"Shemeji, kuna kitu?"

"Nimesema usiguse. Hii gari iko na mwenyewe. Rudi kwenu!"

Alisimama kidogo, kisanduku mkononi. Mama alifikiri atampiga. Badala yake akasema polepole:

"Basi mwambie Félicien asiitoe kesho mpaka nimefika. Mwambie, tafadhali."

Akaondoka.

Mama hakumwambia Papa. Aliwaza: anataka tumngoje ili afanye nini?

Jumapili asubuhi akatoka na spana. Leo hakuna aliyegusa gari, kwa hiyo leo nati zitakuwa salama, si ndiyo? Akapanda na mguu upande wa kushoto.

Nati ikazunguka laini tu, kama imepakwa mafuta.

"Mungu wangu... amerudi!"

Akaikaza. Akakaza zote. Safari hii hakuharakisha. Alipanda na uzito wake wote na wangu, akazungusha kulia, akazungusha tena, jasho linatiririka, anasali kwa sauti. Alirudi ndani amechoka, lakini kwa mara ya kwanza moyo umetulia kidogo.

Wakavaa. Wakapanda. Wakashuka mteremko...

Sasa mmefika pale nilipowaacha.

Gurudumu limekwenda. Jeep inaburura chuma, cheche zinaruka, Papa anapigana na usukani. Mbele kuna watu wanatoka misa ya kwanza, akina mama na watoto wao, barabara imejaa.

"Yesu! Yesu! Yesu!"

Papa akakata kulia. Jeep ikapanda ukingo, ikajichimbia kwenye rundo la mchanga wa salongo, ule ule alioumwaga mwenyewe jana yake. Ikasimama. Vumbi likawafunika.

Mama akajishika tumbo. Nikasogea. Akaanza kulia.

Halafu akamwona Adalbert anakuja mbio, anahema.

Hakungoja. Akaruka chini, akamnyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Muuaji! Njo yeye! Mushikeni! Amelegeza gurudumu apate gari ya mujomba wake!"

Jamani, mnajua mkutano wa watu unavyokuwa. Neno moja tu! Wakamshika shati, wakamshika shingo. Mmoja akaokota jiwe. Adalbert hakupigana, alikuwa anamtazama Papa tu.

"Félicien... weye uko muzima? Muke wako muzima?"

"Usimuulize!" Mama akapiga kelele. "Kila Jumamosi unalegeza, kila Jumapili miye nakaza! Kila Jumapili!"

Adalbert akamgeukia Mama.

"Shemeji... umesema weye unafanya nini?"

"Nakaza! Bulon unazolegeza, miye nazikaza! Bila mimi mume wangu angekufa zamani!"

Uso wa Adalbert ulibadilika. Mama anasema hakuona hasira. Aliona mtu anayeelewa kitu polepole, na kitu chenyewe kinamtisha.

"Muniachie mukono mumoja," akawaambia waliomshika. "Mumoja tu. Félicien, mupe kle."

Papa akatoa spana ya msalaba chini ya kiti.

"Shemeji, gurudumu ya nyuma bado iko. Tuonyeshe unavyokaza."

Mama akaenda kwa jeuri yote. Akavalisha spana kwenye nati ya gurudumu la nyuma kushoto, akapanda na mguu, akasukuma kulia kama kawaida yake.

Nati ikazunguka.

"Endelea," Adalbert akasema.

Ikazunguka tena. Na tena.

Adalbert akainama, akaitoa spana. Akashika ile nati kwa vidole viwili tu, akaizungusha kulia... ikatoka nzima, ikabaki mkononi mwake.

Aliyeshika jiwe akaliachia.

"Hizi jeep za zamani," Adalbert akasema, "upande wa kuume unakaza kulia. Upande wa kushoto nati zimekatwa kinyume. Unakaza kushoto. Ukizungusha kulia... shemeji, unafungua."

Mama akatazama miguu yake.

Kila Jumapili alfajiri. Kwa mguu wake. Mume wake na mimba yake!

"Nilizikuta zimefunguka kila wiki," Adalbert akaendelea. "Nikajua kuna muntu. Nilitazama madirisha yote, sikujua nimuulize nani. Nilikuwa naogopa, shemeji. Félicien akifa kwenye ile gari, muntu wa kwanza kushikwa shati si ni miye?"

Na shati lake lilikuwa bado mikononi mwa watu. Wakaliachia mmoja mmoja, wanatazama pembeni.

Mama akamgeukia Papa.

"Félicien, weye ulijua? Ulijua zinazunguka kinyume?"

Papa akafuta vumbi usoni.

"Nilijua. Marehemu Papa alinionyesha nikiwa mutoto."

"Na hukuniambia?"

"Niliona... ni mambo ya wanaume."

Mama anasema alitaka kumpiga ile spana. Badala yake akakaa kwenye mchanga na nguo yake ya kanisani, akalia kama mtoto. Alilia kwa ajili ya Jumamosi. Mkono pekee uliokuwa unamwokoa mume wake, yeye ndiye aliyeufukuza mlangoni.

Adalbert akakaa karibu naye.

"Shemeji, kwa nini hukuidai gari?" Mama akamuuliza mwishowe. "Kwa desturi yenu ni yako."

"Gari alimupa Félicien. Mimi mujomba aliniita baadaye, tukiwa wawili. Akaniambia, kwa desturi yetu weye njo utakaa mahali pangu. Basi kaa. Muangalie mutoto wangu, anapenda mapambo, ataweka pine mubaya."

Akacheka kidogo, huku machozi yanatoka.

"Sikurithi gari, shemeji. Nilirithi kuwa baba yenu. Njo maana nilikuja kila Jumamosi."

Wapendwa wangu, funzo langu ni fupi. Mama aliogopa kwa sababu alipenda, na hofu yake haikuwa ya kijinga. Ila aliificha, hakumwuliza yule aliyemshuku. Papa naye alificha kitu kidogo kwa sababu ya ubwana wake. Swali moja tu jikoni lingetosha. Wewe unayesoma, kama kuna mtu unamwogopa nyumbani kwako, muulize leo, mchana, mbele ya mashahidi ukitaka. Usimvizie alfajiri na spana.

Jeep ilitengenezwa. Gurudumu lilipatikana kwenye uzio wa mtu karibu na stesheni, zima kabisa, na hayo matairi membamba yalitubeba miaka mingi. Yale mapana yenye meno Mama aliyageuza vitanda vya kupandia mchicha.

Na kila Jumamosi, mpaka uzee ulipomshika, Adalbert alikuja kukaza nati. Akifika upande wa kushoto anasimama, anamnyooshea Mama spana, anamngoja.

"Shemeji, wapi?"

"Kushoto," Mama anajibu, na anakaza mwenyewe.

Mimi nilizaliwa wiki chache baada ya ile Jumapili. Enzi hizo majina ya Kikristo yalikatazwa kwenye karatasi za serikali, kwa hiyo huko nina jina jingine. Lakini nyumbani Mama alinipa jina alilolichagua yeye, na hakutaka ushauri wa mtu.

Naitwa Adalbertine.